Mwenye Orodha ya Wagombea: Chama Tawala na Uwakilishi wa Jamii Pande Mbili za Petite Barrière

1. Swali lenyewe

Mpiga kura hulikuta jina la mgombea likiwa limekwisha kuchapwa kwenye karatasi. Kabla ya hapo jina hilo limepita mikononi mwa watu wengine: kamati ya wilaya, mkutano mkuu wa chama, ofisi ya katibu mkuu, pengine meza ya rais. Uwakilishi wa jamii yoyote bungeni, iwe jamii ya rangi, ya kabila au ya asili, huamuliwa kwa sehemu kubwa katika hatua hiyo. Kwa hiyo swali la nani anakishika chama hutangulia swali la nani amepata kura. Chama kikiwa mikononi mwa wachache, jamii yaweza kuwa na watu wake bungeni na bado ikakosa msemaji. Yaweza pia kuondolewa bungeni kabisa bila sheria hata moja kuitaja kwa jina.

Petite Barrière ni mahali panapofaa kulichunguza jambo hili. Ni kivuko cha waenda kwa miguu kati ya Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, na Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Miji hii miwili imegusana ukingoni mwa Ziwa Kivu. Mpaka unapokuwa wazi, makumi ya maelfu ya watu huvuka kwa siku, wengi wao wanawake wafanyabiashara wadogo wenye mboga, nyanya, viazi na maziwa. Kiswahili na Kinyarwanda husikika pande zote mbili, na familia nyingi zina ndugu ng'ambo.

Kinachotofautiana ni hati inayotolewa mbele ya afisa. Mnyarwanda hutoa indangamuntu, kitambulisho ambacho tangu mauaji ya kimbari ya 1994 hakina tena mstari wa kabila. Mkongomani kwa miaka mingi ametoa kadi ya mpiga kura, kwa kuwa dola yake haikuwapa raia wote kitambulisho cha taifa, na kadi ya tume ya uchaguzi ikachukua nafasi hiyo. Upande mmoja dola imelifuta kabila katika karatasi. Upande wa pili, uthibitisho wa uraia hupatikana katika foleni ya uchaguzi, na ni uraia huohuo ambao baadhi ya jamii za Kivu zimebishiwa kwa zaidi ya miaka 40. Njia zote mbili zimepita katika historia ya vyama.

2. Ubwoko kwenye kadi

Wabelgiji waliichukua Rwanda kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Waliitawala kupitia kwa mwami, yaani mfalme, na machifu wake, wakishikilia nadharia kwamba Watutsi ni mbari ya Kihamiti iliyotoka mbali na kuzaliwa kutawala. Baada ya sensa ya 1933 na 1934, watu wazima walipewa kadi zilizotaja ubwoko wao, yaani kabila. Katika kadi zilizotumika baadaye chini ya Jamhuri, maneno manne yalichapwa kwenye mstari mmoja: Hutu, Tutsi, Twa, na aliyepewa uraia. Karani alikata kwa kalamu yale yasiyomhusu mwenye kadi na kuacha moja. Mstari huo mmoja wa wino uliamua nafasi ya shule na ya kazi, na mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, uliamua uhai.

Madaraka yaligawanywa kwa kufuata nadharia hiyo. Kufikia 1959, machifu 43 kati ya 45 na machifu wadogo 549 kati ya 559 walikuwa Watutsi, ilhali Watutsi wote hawakufika moja ya tano ya wananchi. Hata hivyo Watutsi wengi wa kawaida hawakuwa na lolote katika madaraka hayo. Walilima, walichunga na kutoa kazi za shokoa kama jirani zao Wahutu. Hili ni funzo la kwanza, nalo litarudi mara kadhaa: wachache wa jamii fulani kushika vyeo si sawa na jamii hiyo kuwakilishwa.

Machi 1957 wasomi 9 wa Kihutu, akiwamo Grégoire Kayibanda, walitoa waraka unaojulikana kama Ilani ya Wahutu. Waliulalamikia ukiritimba wa machifu na kulitaja tatizo la Rwanda kuwa ni tatizo la mbari. Walipinga pia kufutwa kwa ubwoko katika vitambulisho, kwa hoja kwamba bila alama hiyo ukiritimba ungeendelea pasipo mtu kuweza kuupima. Hoja hiyo ina uzito, na hadi leo husikika katika nchi nyingi zinazohesabu raia kwa rangi ili kupima usawa. Hatari yake ilikuja kuonekana pale alama ya kupimia ukiritimba ilipogeuzwa kuwa alama ya kudai utawala.

3. Rubanda nyamwinshi

Mwaka 1959 vyama vinne vikubwa vilikuwa uwanjani. UNAR kilisimama na mwami na kutaka uhuru wa haraka. RADER kilitaka ufalme wa kikatiba na mageuzi ya polepole. APROSOMA cha Joseph Gitera kilijiita chama cha umma wa watu wa chini. Parmehutu cha Kayibanda kilitangaza katika jina lake kwamba ni chama cha ukombozi wa Wahutu. Mwami Mutara Rudahigwa alifariki ghafla Bujumbura mwezi Julai mwaka huo. Novemba ghasia zikaanza, nyumba za Watutsi zikachomwa, na wakimbizi wa kwanza wakavuka mipaka.

Katika uchaguzi wa madiwani wa 1960, ambao UNAR iliususia, Parmehutu ilipata viti 2,390 kati ya 3,125. Septemba 1961, katika uchaguzi wa bunge uliofanyika pamoja na kura ya kuuondoa ufalme, kura ambayo Wanyarwanda huiita kamarampaka, Parmehutu ilitwaa viti 35 kati ya 44, UNAR 7 na APROSOMA 2. Kwa wakati huo bunge bado lilikuwa na sauti zaidi ya moja, na wafuasi wa UNAR, wengi wao Watutsi, walikuwa na wasemaji waliochaguliwa na wao wenyewe.

Parmehutu iliuhalalisha utawala wake kwa neno rubanda nyamwinshi, yaani umma wa walio wengi. Hapo wingi wa kidemokrasia, ambao hubadilika kila uchaguzi, ulichanganywa na wingi wa kuzaliwa, usiobadilika kamwe. Wingi ukishakuwa wa kuzaliwa, aliye katika uchache hana tena siku ya kushinda, wala hoja yoyote haiwezi kumwongezea kura. Chama kinachojiona mwakilishi wa walio wengi kwa asili huuona upinzani kuwa uadui, na Parmehutu haikukawia kutenda hivyo. Desemba 1963, baada ya uvamizi wa wakimbizi waliobeba silaha, viongozi wa UNAR na RADER waliokuwa ndani ya nchi walikamatwa na kuuawa Ruhengeri bila kesi, na maelfu ya Watutsi wakachinjwa, hasa eneo la Gikongoro. Mwaka 1965 Parmehutu iliingia uchaguzini peke yake na kuchukua viti vyote 47. Hakuna sheria iliyosema Mtutsi asiwe mbunge. Vilivyokuwa vimetoweka ni vyama ambavyo vingeweza kumsimamisha.

4. Chama cha kila mtu

Julai 5, 1973 Jenerali Juvénal Habyarimana, mzaliwa wa mkoa wa Gisenyi, alimpindua Kayibanda. Miaka miwili baadaye, tarehe ileile, alianzisha MRND. Kila Mnyarwanda alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa, na katiba ya 1978 ikakifanya kuwa chama pekee. Kwa maandishi, hakikuwa chama cha kabila lolote. Wahutu, Watutsi na Watwa wote walikuwamo, na wote waliimba nyimbo zake katika mikusanyiko ya kuusifu uongozi.

Ndani ya chama hicho cha wote kulikuwa na sera ya iringaniza, yaani kusawazisha. Nafasi za shule za sekondari, vyuo na ajira ziligawiwa kwa kabila na kwa mkoa, Watutsi wakitengewa takriban asilimia 10. Katika madaraka hata kiwango hicho hakikufikiwa. Wanahistoria wa kipindi hicho hutaja wabunge 2 Watutsi kati ya 70, waziri mmoja katika baraza zima, na afisa mmoja katika jeshi. Wapiga kura walipoanza tena kuchagua wabunge mwaka 1981, wagombea wote walikuwa wa MRND. Mwaka 1988 rais alichaguliwa akiwa mgombea pekee kwa zaidi ya asilimia 99.

Ukiritimba huo haukuishia kuwabana Watutsi. Vyeo vya jeshi, mashirika ya umma na nafasi za masomo ng'ambo vilielekea kaskazini, Gisenyi na Ruhengeri, na juu yake kikakaa kikundi kidogo kilichomzunguka rais na ukoo wa mkewe, ambacho Wanyarwanda walikiita akazu. Wahutu wa Gitarama na Butare walijikuta nje ya lango la utawala uliodai kuwa wao ndio rubanda nyamwinshi. Funzo la pili ni hili: chama kisichoweza kushindwa hakibaki kuwa cha jamii iliyokizaa. Hupungua, kutoka jamii hadi mkoa, kutoka mkoa hadi ukoo, na walio wengi huachiwa jina tu.

5. Arusha na kuvunjika kwa vyama

Vita vilivyoanzishwa Oktoba 1990 na RPF, chama chenye silaha cha wakimbizi wa Rwanda waliokuwa ng'ambo, na shinikizo la ndani viliifungua milango. Katiba ya Juni 1991 iliruhusu vyama vingi, na MDR, PSD, PL na PDC vikajitokeza. Vilikuwa vyama vilivyochanganya makabila kwa viwango tofauti, na kwa muda mfupi mwananchi aliweza kumpinga rais bila kwanza kuulizwa ubwoko. Mwaka 1992 kikaja CDR, kilichojitangaza kuwa mtetezi wa Wahutu peke yao.

Mkataba wa Arusha wa Agosti 4, 1993 uligawa madaraka kwa vyama, wala haukuyagawa kwa makabila. Katika serikali ya mpito ya watu 21, MRND na RPF walipewa wizara 5 kila mmoja, MDR 4 pamoja na uwaziri mkuu, PSD 3, PL 3 na PDC 1. Katika bunge la watu 70, vyama vitano vikubwa vilipata viti 11 kila kimoja. Mpango huo ulitegemea jambo moja: kwamba kila chama kingebaki kimoja na kinachojitegemea. Waliotaka kuuharibu waliliona hilo upesi. Badala ya kubadili idadi ya viti, walivigawanya vyama. Mwishoni mwa 1993 MDR na PL vilipasuka, kila kimoja kikitoa tawi lililojiita Power na kujiunga na wenye siasa kali. Kiti kilikuwa kilekile, lakini mwenye haki ya kupeleka jina alikuwa amebadilika.

Yaliyofuata baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa Aprili 6, 1994 yanajulikana. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana wa MDR, Mhutu, aliuawa asubuhi iliyofuata. Landoald Ndasingwa wa PL, Mtutsi pekee aliyekuwa waziri, aliuawa siku hiyohiyo pamoja na familia yake. Serikali iliyosimamia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi iliundwa na watu waliotajwa kuwa wa MRND, MDR, PSD, PL na PDC, kila chama kikiwakilishwa na tawi lake kali. Serikali hiyo baadaye ilihamia Gisenyi, na mwezi Julai, jeshi la RPF lilipoukaribia mji, ikavuka kwenda Goma pamoja na jeshi lake na mamia ya maelfu ya raia waliopita vivuko vya mji huu kwa siku chache tu. Vyama vilivyokuwa na sura ya mseto havikumkinga mtu, kwa sababu milango yao ilikuwa imekwisha kutekwa.

6. Rwanda bila ubwoko

Baada ya 1994 ubwoko ulifutwa kwenye vitambulisho. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni Mei 2003 inakataza chama chochote kujengwa juu ya mbari, kabila, ukoo, eneo, jinsia au dini. Katiba hiyo inaamuru rais wa nchi na spika watoke vyama tofauti, na chama chenye viti vingi kisizidi nusu ya baraza la mawaziri. Bunge lina wabunge 80: 53 huchaguliwa kwa orodha za vyama na wagombea binafsi, 24 ni wanawake wanaochaguliwa katika majimbo na Kigali, 2 huwakilisha vijana, na 1 watu wenye ulemavu. Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume bungeni, na katika uchaguzi wa Julai 2024 walipata viti 51 kati ya 80.

Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Dola inahesabu wanawake, vijana na walemavu, na kwa kuhesabu imewapa viti. Makabila haiyahesabu, kwa sababu nchi iliona kwa macho yake kadi ilifanya nini mikononi mwa muuaji. Uamuzi huo umejengwa juu ya maumivu ya kweli na unastahili heshima. Gharama yake huonekana zaidi kwa Watwa, jamii ndogo kuliko zote na maskini kuliko nyingi. Shirika lao lililojiita la wenyeji asilia, CAURWA, lililazimika kubadili jina na kuwa COPORWA, jumuiya ya wafinyanzi, kwa kuwa sheria haikukubali jina la asili. Katiba inamtaka rais, anapoteua maseneta 8, akumbuke jamii zilizoachwa nyuma kihistoria, na kwa njia hiyo Zéphirin Kalimba, aliyeongoza COPORWA, aliingia Seneti mwaka 2012. Ni kiti halisi na ni hatua mbele, ila aliyemchagua mwakilishi ni mkuu wa nchi, si Watwa.

Orodha ya 53 nayo ina mwenyewe. Mwaka 2024 RPF na washirika wake walipata viti 37, PL 5, PSD 5, na PDI, Chama cha Kijani na PS-Imberakuri 2 kila kimoja. Paul Kagame wa RPF alichaguliwa kuwa rais kwa zaidi ya asilimia 99, akishindana na wagombea wawili, Frank Habineza na Philippe Mpayimana, baada ya wengine, akiwamo Diane Rwigara, kukataliwa na tume ya uchaguzi. PL na PSD, vyama vya mkataba wa Arusha, vilimuunga mkono mgombea wa RPF. Spika hutoka chama kingine kama katiba inavyotaka, ila hicho chama kingine kimo katika safu moja na chama tawala. Wanaoutetea mfumo huu husema makubaliano yameipa nchi amani ambayo ushindani wa 1991 hadi 1994 uliiteketeza. Wanaoukosoa husema amani isiyo na mpinzani haiwezi kujua kama jamii zote zimeridhika. Pande zote mbili zinakiri jambo moja: katika Rwanda ya leo, anayetaka kuingia bungeni, awe wa asili gani, hupita katika lango ambalo RPF ndiyo yenye sauti kubwa zaidi.

7. Ng'ambo ya kizuizi

Goma inaonyesha njia nyingine. Chini ya Mobutu, MPR ilikuwa chama cha kila Mzaire, kama MRND ilivyokuwa ya kila Mnyarwanda. Wazungumzaji wa Kinyarwanda wa Kivu, Wahutu na Watutsi, walikuwa na mtu wao juu kabisa: Barthélémy Bisengimana, mkurugenzi wa ofisi ya rais hadi 1977. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya uhuru wa Kongo. Bisengimana alipoondoka, kinga ikaondoka naye. Sheria ya Juni 1981 ilidai uthibitisho wa babu aliyekuwa ndani ya mipaka ya Kongo mwaka 1885, na maelfu waliokuwa raia jana wakageuka wageni. Uwakilishi uliotegemea mtu mmoja karibu na kiti cha enzi ulidumu muda wa mtu huyo tu.

Mkutano Mkuu wa Taifa wa 1991 na 1992, uliokusudiwa kuleta demokrasia, uliwafungia nje wajumbe wa Wanyarwanda wa Kivu. Kadiri uchaguzi ulivyosemekana kukaribia, swali la nani raia lilizidi kuwa swali la nani atashinda wilaya, na mwaka 1993 mapigano yakalipuka Masisi. Ushindani wa vyama, ulipofunguliwa kabla ya uraia kuthibitishwa, uliongeza faida ya kumfuta jirani katika daftari.

Baada ya vita vya 1998 hadi 2003, RCD, chama cha waasi kilichokuwa na makao Goma na ambacho wengi walikiona cha Wanyarwanda wa Kongo, kilipewa viti 94 kati ya 500 katika bunge la mpito, na Azarias Ruberwa akawa mmoja wa makamu wanne wa rais. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 ilirekebisha ile ya 1981. Katika uchaguzi wa 2006 RCD ilibaki na viti 15. Mwaka 2007 ugavana wa Kivu Kaskazini ukatoka kwa Eugène Serufuli, Mhutu, kwenda kwa Julien Paluku, Mnande. Baadhi ya waliopoteza sanduku la kura waliegemea bunduki, kwanza CNDP, kisha M23, iliyoiteka Goma mwaka 2012 na tena Januari 2025. Kila kikundi hudai kuwatetea watu wa jamii fulani, na hakuna hata kimoja ambacho jamii hiyo imekipigia kura.

Kongo haina chama kimoja kinachoshika kila kitu. Ina mamia ya vyama, na mgombea huuza jina lake kwa watu wa kwao kupitia mitualite, jumuiya za watu wa asili moja. Sheria ya uchaguzi ya 2017 iliweka kizingiti cha asilimia 1 ya kura za nchi nzima, hivyo chama kidogo cha wilaya hulazimika kujiunga na kundi kubwa la Kinshasa ili kiti chake kisipotee. Orodha imehamia mbali na wapiga kura hata pale ambapo vyama ni vingi. Juu ya hayo yote, vita hufuta uwakilishi moja kwa moja. Desemba 2018 Beni na Butembo hawakupiga kura pamoja na wenzao, na rais akapatikana bila kura zao. Desemba 2023 ilikuwa zamu ya Masisi na Rutshuru, wilaya zilizo karibu na Goma. Wahunde, Wahutu, Watutsi na wengine wa huko wamekosa wabunge wa muhula huo, bila kubaguana katika kukosa.

8. Burundi: kabila ndani ya orodha

Burundi ilipita njia ya tatu. Katiba ya 2005, iliyotokana na mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, ilitaja makabila waziwazi: bungeni Wahutu asilimia 60 na Watutsi 40, Watwa viti 3, wanawake wasiopungua asilimia 30, na Seneti nusu kwa nusu. Orodha za vyama nazo ziliwekewa sharti: katika kila wagombea watatu wanaofuatana, wawili tu wangeweza kuwa wa kabila moja. Wapatanishi walitaka vyama vya makabila vife vyenyewe, kwa kuwa kila chama kingehitaji watu wa pande zote.

Katika hilo walifanikiwa kwa kiasi kikubwa. Uchaguzi wa 1993 ulikuwa umewapambanisha FRODEBU, chenye viti 65 kati ya 81, na UPRONA, chenye 16, na kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba mwaka huo kuliwasha vita vya miaka mingi. Baada ya 2005 mabishano makubwa yalikuwa ndani ya Wahutu na ndani ya vyama. Lakini chama kimoja, CNDD-FDD, kilizidi kukua, na Juni 2025 kilitangazwa kushinda viti vyote 100 vilivyopigiwa kura. Asilimia 40 za Watutsi zimetimia na sharti la katiba limeheshimiwa, ila kila Mtutsi na kila Mhutu aliyeingia kwa kura ameandikwa na chama kilekile. Kiwango cha katiba kinalinda kuwapo kwa jamii bungeni. Uhuru wa mbunge wa jamii hiyo kukipinga chama chake hakiugusi.

9. Kura tatu, kura nyingi na kura za awali

Mashariki zaidi, Tanganyika ilitoa mfano ambao wasomaji wa Kiswahili wanaukumbuka. Waingereza waliandaa uchaguzi wa 1958 na 1959 katika majimbo 10, kila moja likiwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuchagua mmoja wa kila rangi, la sivyo karatasi yake iliharibika. Nia ilikuwa kuwapa wachache uzito sawa na Waafrika, ambao walikuwa karibu wananchi wote. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, Julius Nyerere aliishawishi TANU iingie uchaguzini hata hivyo. Zuberi Mtemvu alikataa na kuanzisha chama chake. TANU, ambayo wakati huo ilikuwa na wanachama Waafrika pekee, iliwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubali siasa yake, kama Derek Bryceson na Amir Jamal, na kuiangusha UTP iliyopendwa na serikali. Viti vilivyotengwa kwa rangi vikawa viti vya TANU. Mwaka 1960 ilipata 70 kati ya 71. Sheria iligawa viti kwa rangi, na chama kikaamua ni Mzungu yupi na Mwasia yupi. Kwa bahati njema chama hicho kilipinga ubaguzi wa rangi, lakini bahati njema haiwezi kuwa nguzo ya mfumo.

Zanzibar ilionyesha kosa la upande mwingine. Julai 1963 ASP, iliyoungwa mkono na Waafrika wengi, ilipata takriban asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31. ZNP yenye viti 12 na ZPPP yenye 6 wakaunda serikali. Siasa za visiwani tayari zilikuwa zimegawika kwa uarabu, ushirazi na uafrika, na walio wengi wakaona kura zao zimemezwa na mipaka ya majimbo. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 hayakutokana na hilo peke yake, lakini hilo liliyapa hoja.

Marekani nako lango la chama lilifanya kazi ileile. Hiram Revels wa Mississippi aliingia Seneti mwaka 1870 kwa tiketi ya Republican. Wazungu wa Democratic waliporudi kuishika Kusini, Weusi walifutwa polepole, na kati ya 1901 na 1929 hapakuwa na mbunge Mweusi hata mmoja katika Kongresi nzima. Chombo kimojawapo kilikuwa kura za awali za chama, zilizotangazwa kuwa za Wazungu pekee kwa hoja kwamba chama ni jumuiya binafsi. Kwa kuwa Kusini chama kilikuwa kimoja tu, aliyefungiwa kura za awali alikuwa amefungiwa uchaguzi. Mahakama Kuu ilizipiga marufuku mwaka 1944, na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 ikafungua daftari.

10. Vipimo vinne

Mifano hii inatoa vipimo ambavyo mwananchi wa Gisenyi, wa Goma au wa kwingineko anaweza kuvitumia kwa mfumo wowote.

Cha kwanza ni nani anaandika orodha, na kama wanajamii wenyewe wana neno katika kuliweka au kuliondoa jina. Mbunge wa jamii fulani aliyewekwa na mwingine humjibu aliyemweka.

Cha pili ni kama kuna lango jingine. Jamii iliyofungiwa chama kimoja inahitaji chama cha pili, au mgombea binafsi, asiyeadhibiwa kwa kusimama. Rwanda ya 1965 ilikosa lango la pili, na Kusini mwa Marekani kulilikosa kwa miaka zaidi ya 50.

Cha tatu ni kama wingi unaweza kubadilika. Pale ambapo walio wengi leo wanaweza kuwa wachache kesho kwa sababu ya hoja, kodi, bei ya viazi au ubora wa shule, kabila hupungua nguvu lenyewe. Pale ambapo wingi ni wa damu au wa chama kisichong'oka, jamii iliyo nje haioni faida ya kungoja uchaguzi ujao.

Cha nne ni uraia. Hakuna kiwango, orodha wala chama kinachoweza kumwakilisha mtu ambaye haki yake ya kuandikwa katika daftari bado inabishaniwa. Historia ya Kivu tangu 1981 ni ushahidi kwamba uraia uliotolewa kama fadhila ya mtawala hunyang'anywa na mtawala anayefuata, na kwamba demokrasia inayoanza kabla ya jambo hilo kumalizika huleta vita mapema kuliko haki.

Kufuta kabila kwenye kadi, kama Rwanda, kulitaja kwenye katiba, kama Burundi, au kuliacha lishindane katika majimbo, kama Kongo, ni maamuzi mazito, na kila moja lina sababu zake katika damu iliyomwagika. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalotosha iwapo watu walewale wachache ndio wanaoshika kalamu ya orodha. Jamii huwakilishwa kikamilifu pale inapoweza kumchagua msemaji wake, kumsikia akikipinga chama chake pasipo kupotea, na kumwondoa kwa kura asipofaa.